Maswali ya Wasomaji: Nitajuaje Kama Mfumo wa Fransaizi Utanifaa?

Katika toleo hili tunajibu barua tatu kuhusu fransaizi, yaani mpango ambao mwenye chapa humruhusu mtu mwingine kuendesha biashara kwa jina lake, mapishi yake na taratibu zake, naye akalipwa ada na mrabaha, yaani asilimia fulani ya mauzo. Barua zimefupishwa na majina ya waandishi pamoja na ya chapa yameondolewa.

SWALI: Mimi ni mtumishi wa umma mstaafu, ninaishi Dodoma. Nimepokea mafao yangu na ningependa kuweka sehemu yake katika biashara ambayo haitanilazimisha kuanza kubahatisha katika umri huu. Nimekutana na wakala wa chapa moja ya kuku wa kukaanga kutoka Afrika Kusini. Anasema nikilipa ada ya kujiunga nitapewa jina, mapishi, mafunzo na mwongozo wa kila kitu, na kwamba mfumo wao umekwisha kujithibitisha katika nchi nyingi. Amenionyesha hesabu za duka moja la Dar es Salaam na kwa kweli zinavutia. Mtaji unaotakiwa unazidi fedha nilizotenga, kwa hiyo itanibidi nikope benki shilingi milioni 60. Nitajuaje kama mfumo huu utafanya kazi kwangu?
*Mstaafu, Dodoma*

JIBU: Shikamoo mzee wangu, na hongera kwa kumaliza utumishi salama. Wakala anaposema kwamba mfumo wao umejithibitisha, inawezekana kabisa kwamba anasema kweli, lakini ni haki yako kumuuliza umejithibitisha kwa nani. Mwenye chapa hulipwa asilimia ya mauzo, nawe utalipwa kile kitakachobaki baada ya kila mtu mwingine kuchukua chake. Kwa hiyo duka linaweza kumlipa mwenye chapa mwezi hadi mwezi bila kukosa, huku mwendeshaji wake akiendelea kula akiba yake. Ushahidi unaouhitaji ni huu: mwendeshaji wa kawaida, mwenye mtaji kama wako, katika mji unaofanana na wako, hubaki na kiasi gani baada ya kulipa mrabaha, pango, mishahara na rejesho la mkopo? Ukubwa wa chapa, idadi ya nchi ilikoenea na uzuri wa picha za maduka yake havijibu swali hilo.

Tufanye hesabu pamoja. Tarakimu hizi ni za mfano, nawe utaweka zako mahali pake. Tuseme duka lako linauza shilingi milioni 30 kwa mwezi baada ya kuondoa VAT. Kuku, mafuta, unga, viazi, soda na vifungashio vinachukua asilimia 38, yaani milioni 11.4. Mrabaha ni asilimia 6, ambayo ni milioni 1.8, na mchango wa mfuko wa matangazo ni asilimia 3, ambayo ni laki tisa. Mishahara pamoja na michango ya hifadhi ya jamii ni milioni 5.4, pango la fremu ni milioni 3, umeme, gesi na maji ni milioni 2.7, na matengenezo, ulinzi, leseni na usafi ni milioni 1.5. Jumla ya matumizi ni milioni 26.7, na kinachobaki ni milioni 3.3. Mkopo wa milioni 60 kwa riba ya asilimia 16 kwa miaka minne unadai rejesho la karibu milioni 1.7 kila mwezi. Umebaki na milioni 1.6, na hapo hujalipa kodi ya mapato, hujatenga fedha za kununua kikaangio kingine hiki kitakapochoka, wala wewe mwenyewe hujajilipa mshahara.

Sasa punguza mauzo kwa moja ya tano, yawe milioni 24. Gharama za malighafi zitashuka hadi milioni 9.12, na mrabaha pamoja na mchango wa matangazo utashuka hadi milioni 2.16, lakini mishahara, pango, umeme na matengenezo, ambayo jumla yake ni milioni 12.6, hayatapungua eti kwa kuwa wateja wamepungua. Kinachobaki ni shilingi 120,000, ilhali benki inasubiri milioni 1.7. Mwenye chapa, katika mwezi huohuo mbaya, bado anapokea mrabaha wa milioni 1.44. Simlaumu kwa hilo, kwa kuwa ndivyo mkataba wa fransaizi ulivyojengwa, lakini mtu anayeingia katika mkataba huo ni lazima aione tarakimu hiyo kabla ya kusaini.

Ukiendelea na mfano huu utagundua kwamba ili duka lilipe gharama zake zote na rejesho la mkopo bila wewe kupata hata shilingi, linahitaji mauzo ya karibu milioni 27 kwa mwezi, yaani laki tisa kwa siku. Kama mteja mmoja anaacha wastani wa shilingi 9,000 bila VAT, ambazo ni kama 10,600 anazozitoa mfukoni, unahitaji wateja 100 kila siku ya mwezi, zikiwemo Jumatatu za mvua. Hapo ndipo mahesabu ya karatasi yanapogeuka kuwa jambo ambalo unaweza kulikagua kwa macho yako.

Nenda kakae jirani na fremu unayoitaka, mchana na jioni, siku za kazi na mwishoni mwa wiki, uhesabu watu wanaoingia katika migahawa iliyopo na uangalie wanatoka na nini. Dodoma ina misimu yake. Wakati wa Bunge la bajeti, kuanzia Aprili hadi mwishoni mwa Juni, mji hujaa wageni wenye fedha za kula nje. Bunge likiahirishwa na wanafunzi wa vyuo wakirudi makwao, baadhi ya mitaa hupoa. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, imekuwa rahisi zaidi kwa mtumishi kuondoka Ijumaa jioni na kurudi Jumapili. Mtu akihesabu wateja mwezi Mei peke yake atajidanganya, na hesabu za duka la Dar es Salaam hazijui lolote kuhusu mabadiliko haya. Usisahau pia mabanda ya chipsi kuku ambayo wateja wamekwisha kuyazoea. Swali lako kwa kila mtaa ni kama kuna watu 100 kwa siku walio tayari kulipa zaidi kwa ajili ya jina, usafi na mahali pa kukaa.

Kuhusu zile hesabu za Dar es Salaam, muulize wakala duka hilo lina umri gani, liko wapi hasa, na mmiliki wake ni nani. Kama ni duka la mwenye chapa mwenyewe, huenda hesabu zake hazina kabisa mstari wa mrabaha, na pengine hata mshahara wa msimamizi wa juu unalipwa na ofisi kuu. Duka moja lililochaguliwa na muuzaji haliwezi kuwa kipimo. Omba hesabu za maduka yote ya waendeshaji wa nje ya Dar es Salaam, au angalau ya wastani na ya chini kabisa, kisha omba orodha ya waendeshaji wote, wa sasa na waliojitoa.

Ombi hilo si la ajabu wala si utovu wa adabu. Nchini Marekani, kanuni ya fransaizi ya Tume ya Biashara ya Shirikisho, iliyoanza kutumika mwaka 1979, inamtaka mwenye chapa ampe mwombaji hati ya taarifa angalau siku 14 kabla ya kusaini au kulipa. Hati hiyo ina sehemu 23, na ningekushauri usome kwanza ile ya 20, kwa sababu ndiyo inayoonyesha maduka yaliyofunguliwa, yaliyofungwa na yaliyobadilisha wamiliki, pamoja na mawasiliano ya waendeshaji waliotoka karibuni. Afrika Kusini nayo, chini ya Sheria ya Kulinda Walaji ya mwaka 2008, inadai hati ya taarifa siku 14 kabla ya mkataba, na mwendeshaji ana siku 10 za kazi baada ya kusaini ambazo anaweza kubadili mawazo. Tanzania haina sheria mahususi ya fransaizi, kwa hiyo usitegemee kwamba kinga hizo zitakufuata Dodoma. Lakini chapa yako inatoka Afrika Kusini, na ikiwa inauza fransaizi huko kihalali, basi hati imekwisha kuandikwa. Iombe. Mwenye chapa akikataa kukuonyesha kile anachomwonyesha mwombaji wa nchini kwake, mimi ningeishia hapo.

Ukipata orodha ya waendeshaji, wapigie, na ikiwezekana uwatembelee bila wakala. Muulize kila mmoja mwezi mbaya kuliko yote mwaka uliopita aliuza kiasi gani, alianza kujilipa mshahara baada ya miezi mingapi, na mashine ikiharibika fundi anatoka wapi na huchukua siku ngapi. Halafu muulize kama angesaini tena leo iwapo angerudishiwa fedha zake mkononi. Aliyejitoa atakueleza mambo ambayo aliyebaki hawezi kuyasema, ingawa inafaa ukumbuke kwamba naye anaweza kuwa na uchungu wake, kwa hiyo sikiliza wengi kabla ya kuamua.

Kisha omba kufanya kazi katika duka mojawapo kwa wiki moja au mbili, kabla ya kulipa ada. Usikae ofisini, ingia jikoni. Baki hadi saa ya kufunga uone kinachotupwa. Mifumo mingi ya kuku wa kukaanga huweka muda maalumu ambao kipande kilichopikwa kinaweza kukaa katika kabati la moto, na muda huo ukipita kinatupwa, hata kama kwa macho bado kinaonekana kizuri. Katika duka lenye foleni hakuna kinachofikia hapo. Katika duka lenye wateja wachache, jioni utaona trei nzima ikimwagwa, na hapo ndipo ile asilimia 38 ya malighafi inapogeuka kuwa 43 au zaidi bila bei ya kuku kupanda sokoni. Hesabu za duka la Dar es Salaam zimebeba kasi ya wateja wa Dar es Salaam ndani yake, na ukizihamishia mahali penye wateja wachache, uwiano wote wa gharama unabadilika.

Jambo jingine ni ugavi. Januari 2022 migahawa ya KFC nchini Kenya iliishiwa chipsi kwa sababu viazi vilivyokuwa vikiagizwa kutoka nje vilichelewa njiani wakati wa misukosuko ya usafirishaji ya UVIKO. Wakenya wengi walikasirika, kwa kuwa nchi yao inalima viazi kwa wingi, lakini viazi vya Nyandarua havikuweza kuingizwa jikoni kesho yake, kwa sababu msambazaji ni lazima kwanza apitishwe katika ukaguzi wa ubora wa chapa. Baadaye kampuni ikasema itafanya kazi na wasambazaji wa ndani. Kwako wewe swali ni hili: ni vitu gani unalazimika kununua kwa msambazaji waliyemteua wao, kwa bei gani, kwa fedha gani, na vikichelewa mpakani unaruhusiwa kutumia nini? Viungo na vifungashio vikinunuliwa kwa randi au dola, kila shilingi inaposhuka thamani gharama yako inapanda, ilhali huwezi kupandisha bei ya kuku kila wiki.

Usiiache kodi ya zuio. Mrabaha unaolipwa kwa kampuni ya nje kwa kawaida hukatwa asilimia 15 inayokwenda TRA. Mikataba mingi huandikwa kwamba mrabaha utapokelewa ukiwa kamili, bila makato yoyote, na maana yake ni kwamba kodi hiyo itatoka mfukoni mwako. Katika mfano wetu, ili mwenye chapa apokee milioni 1.8 kamili, utalazimika kutoa karibu milioni 2.12. Tofauti ya shilingi laki tatu na ushee kila mwezi imejificha katika sentensi moja ya mkataba.

Ushauri wangu ni huu, mzee wangu. Fanya hesabu zako kwa mauzo yaliyo chini kwa moja ya tano ya yale unayoahidiwa, weka ndani yake mshahara wako na kodi ya zuio, na uhakikishe una akiba ya gharama za miezi sita ambayo si sehemu ya mkopo. Kama hapo duka bado linasimama, endelea na mazungumzo. Kama halisimami, tafuta fremu nafuu zaidi au duka dogo zaidi lisilohitaji mkopo, na kama mwenye chapa hakubali udogo huo, waachie chapa yao nawe ubaki na fedha yako.

SWALI: Mimi na dada yangu tunataka kufungua duka la kahawa mjini Nakuru chini ya chapa moja ya Nairobi. Tumeongea na waendeshaji wawili na wote wanaridhika. Mkataba ni wa kurasa nyingi, na meneja wao ametuambia kwamba ni wa kawaida, kila mtu husaini huohuo, hakuna haja ya kupoteza pesa kwa wakili. Tuangalie nini?
*Ndugu wawili, Nakuru*

JIBU: Mwajiri wakili, na awe amewahi kushughulikia mikataba ya biashara, kwa sababu Kenya, kama Tanzania, haina sheria mahususi ya fransaizi, na kwa hiyo karibu haki zenu zote zitatoka ndani ya karatasi hizo. Kauli kwamba kila mtu husaini mkataba huohuo inaweza kuwa kweli, lakini haiwazuii kuuliza. Mambo machache nitayataja mwende nayo kwake.

Linganisheni muda wa fransaizi na muda wa kukodi jengo. Nimeona mara nyingi mkataba wa fransaizi wa miaka mitano ukiwekwa juu ya upangaji wa miaka miwili au mitatu. Mwenye nyumba akikataa kuongeza muda, mtakuwa na jina na mashine lakini hamna mahali pa kuuzia, na mkataba unaweza kuwadai mrabaha wa chini uliokubaliwa hata mkiwa mmefunga. Ulizeni pia nani anamiliki upangaji huo. Chapa nyingine hupanga jengo kwa jina lao kisha kumpangisha mwendeshaji, na siku mkigombana wao hubaki na duka lenu pamoja na wateja mliowatafuta kwa jasho.

La pili ni eneo, nami naliona ndilo zito kuliko yote. Mkataba ukisema mmepewa Nakuru, someni tena muone kama unasema kwamba hakuna mwingine atakayefungua Nakuru. Ulizeni kama mwenye chapa anaweza kuweka kibanda katika kituo cha mafuta, kuuza kahawa ya paketi katika supamaketi ya mtaa huohuo, au kufungua jiko la kupeleka oda kwa pikipiki ndani ya eneo lenu. Mwenye chapa hufaidika kwa kila duka jipya, kwani mauzo ya jumla yanaongezeka, hata kama duka jipya limechukua wateja wa duka la zamani. Subway, chapa ya Marekani ya mikate ya kujazwa, ilikuwa na maduka zaidi ya 27,000 nchini Marekani mwaka 2015, na kufikia mwisho wa 2024 yalikuwa yamepungua hadi chini ya 20,000. Sababu zilikuwa nyingi, lakini mojawapo ya malalamiko ya muda mrefu ya waendeshaji wake ilikuwa kwamba maduka yalifunguliwa karibu mno na mengine. Ombeni eneo lichorwe kwenye ramani na ramani iambatishwe kwenye mkataba.

Tatu, someni sehemu ya kuvunjika kwa mkataba kabla ya sehemu ya faida. Je, mkikosea mnapewa notisi na siku za kurekebisha, au wanaweza kuwafungia mara moja? Mnaweza kumuuzia mtu mwingine duka, na kwa ada gani? Mkitoka, mnazuiwa kuuza kahawa kwa muda gani na umbali gani? Kama dada yako ndiye fundi wa kahawa na hiyo ndiyo kazi yake, katazo la miaka miwili katika kaunti nzima litamfungia mlango wa riziki. Angalieni vilevile kama mnatakiwa kuweka dhamana binafsi, kwa kuwa dhamana ya namna hiyo huweza kuifuata hata nyumba yenu baada ya kampuni yenu kufilisika.

Hakikisheni pia kwa KIPI, taasisi inayosajili chapa za biashara Kenya, kwamba jina hilo limesajiliwa na kwamba mwenye usajili ni yuleyule atakayesaini nanyi. Hilo ni jambo dogo la kuuliza, na mara nyingine hutokea kwamba jina ni la mwanzilishi binafsi wakati mkataba unatolewa na kampuni isiyomiliki chochote.

Nimefurahi kwamba mmeongea na waendeshaji wawili. Nani aliwapa namba zao za simu? Kama ni meneja, tafuteni wengine wawili wenyewe.

SWALI: Assalamu alaykum. Nina mgahawa wangu Mjini Unguja, nimeuendesha kwa miaka mingi na watu wanaupenda kwa mapishi yangu. Kampuni moja ya bara inataka niubadili uwe tawi la chapa yao, niache jina langu, nifuate orodha yao ya vyakula. Wanasema nitapata watalii wengi zaidi na ununuzi wa jumla utanipunguzia gharama. Mume wangu anaona ni fursa. Mimi moyo unasita, lakini sijui kama ni hofu tu.
*Mpishi, Unguja*

JIBU: Waalaykumu salaam dada yangu. Kusita kwako kuna maana, na inafaa ukuchukulie kama taarifa, kwa sababu mfumo unaweza kuwa mzuri, hesabu zikawa nzuri, na bado usimfae mtu fulani.

Fransaizi inalipia kitu kimoja: kurudia. Mwaka 1948, huko San Bernardino, California, ndugu wawili Richard na Maurice McDonald walifunga mgahawa wao uliokuwa ukiwaingizia fedha, wakapunguza orodha ya vyakula hadi vitu tisa, wakapanga jiko upya ili kila mfanyakazi awe na kazi moja, kisha wakafungua tena. Mfumo ulioenea duniani baadaye ulitokana na uamuzi huo wa kuondoa uhuru wa mpishi. Anayefanikiwa ndani yake ni mtu anayepata raha katika kufanya jambo lilelile kwa usahihi uleule kila siku, kusimamia vijana walifanye hivyo hivyo, na kuandika kila kitu. Wewe umejenga jina kwa kuonja, kubadili na kumsikiliza mteja. Jiulize kwa ukweli: mteja wa miaka mingi akiingia akaomba pweza wako wa nazi, nawe huruhusiwi kumpikia kwa kuwa hayumo katika orodha, utaweza kumjibu hivyo leo, kesho na mwakani?

Simaanishi kwamba mwendeshaji hana sauti. Mwaka 1962 mwendeshaji mmoja wa McDonald's mjini Cincinnati, Lou Groen, aliona mauzo yake yanaporomoka kila Ijumaa kwa kuwa majirani zake wengi walikuwa Wakatoliki na siku hiyo hawakula nyama. Akabuni mkate wa samaki, lakini hakuweza kuuweka mezani kwa uamuzi wake. Ilibidi amshawishi Ray Kroc, mkuu wa kampuni, aliyekuwa na wazo lake la mkate wa nanasi. Walivishindanisha Ijumaa Kuu, samaki akashinda, na chakula hicho kikaenea katika maduka yao yote. Nakutajia kisa hiki kwa sababu kinaonyesha njia yenyewe: wazo la mwenyeji lilipita, lakini kwa ruhusa na kwa majaribio.

Kwa hiyo jaribu mfumo wao kwa jambo unalolijua kuliko wao. Waulize Ramadhani itakuwaje, wakati mchana jiko halina wateja wa kukaa na jioni watu wanataka futari. Je, watakuruhusu kubadili saa za kufungua na kuweka futari katika orodha? Mrabaha wa chini wa mwezi huo utapunguzwa? Watakuonyesha uthibitisho wa halali wa kila nyama wanayotaka ununue kwao? Msimu wa mvua za masika, ambapo watalii hupungua, hesabu zao zimeuhesabu? Majibu ya maandishi kwa maswali haya yatakueleza mengi zaidi kuliko ahadi ya watalii. Wakisema mwongozo haubadiliki, wamekujibu.

Kuhusu nafuu ya ununuzi wa jumla, chukua risiti zako za miezi mitatu, ukae na bei zao ukilinganisha kitu kimoja kimoja, mchele kwa mchele na mafuta kwa mafuta, pamoja na nauli ya kuvusha mzigo kutoka Dar es Salaam. Kama akiba yote haifikii mrabaha utakaolipa, basi hoja hiyo imekwisha.

Kuna jambo la kisheria ambalo watu wa bara mara nyingi hulisahau. Usajili wa chapa ya biashara uliofanywa BRELA, wakala wa usajili wa biashara wa Tanzania Bara, hauihusu Zanzibar, ambako usajili hufanywa BPRA, taasisi ya usajili ya huko. Kama kampuni hiyo haijasajili jina lake huku, unaombwa kuacha jina lako linalojulikana ili uchukue jina ambalo hapa halina ulinzi, na mtu mwingine anaweza kulitangulia. Nenda BPRA ukaulize. Ukiwa hapohapo, ulizia utaratibu wa kusajili jina la mgahawa wako mwenyewe kama hujafanya hivyo, maana hata kampuni hii imekufuata kwa sababu ya thamani iliyomo ndani yake.

Mwoneshe mume wako hesabu hizo mbili kando kwa kando, mgahawa ulivyo leo na utakavyokuwa baada ya mrabaha, kwa mwezi wa Agosti na kwa mwezi wa Aprili. Mkiona faida ipo na bado mnataka kujaribu, ombeni kipindi cha mwaka mmoja, na iandikwe kwamba mkishindwana utarudi kwenye jina lako na mapishi yako bila katazo lolote.